Aliyepitia Dirishani

Mwanza, Jumanne, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Asubuhi uliniamkia, na jioni utaniamkia tena ukirudi kutoka Buzuruga na nywele mpya kichwani, kwa hiyo barua hii naianza bila salamu. Yule msusi wako ana maneno mengi kuliko vidole, na leo namshukuru kwa hilo, maana nataka niwe nimemaliza kabla hujapiga hodi. Ukinikuta na kalamu utaniuliza naandika nini, na nikikujibu kwa mdomo nitakudanganya. Kwa mdomo nimekudanganya miaka kumi na saba. Ngoja nijaribu kalamu.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kufunga sanduku, wala namna ya kukaa na wenzako bwenini. Hayo tumeyasema wiki nzima, mpaka umeanza kuniitikia "ndiyo mama" kabla sijafika mwisho wa sentensi.

Kwanza nikiri jambo ambalo unaliona kila siku. Nina furaha, mwanangu, furaha ya kuona aibu. Nimeolewa wiki sita sasa, na bado nikisikia baiskeli ya Sudi ikigonga lile jiwe la mlangoni nakimbilia kioo. Mwanamke wa miaka thelathini na saba! Juzi niliunguza maharage kwa sababu alikuwa ananisomea gazeti, na sikutaka kumkatiza, hata habari yenyewe ilikuwa ya bei ya pamba. Ukaingia ukifukuza moshi kwa ungo, ukasema, "Mama, harusi imeisha, sasa tule." Tulicheka wote watatu. Na wewe bado unamwita Mjomba Sudi, naye anakujibu, "Mjomba gani tena anayemwoa mama mtu?" Lakini nimemchunguza. Ukimwita hivyo anaitika upesi kuliko ninavyomwita mimi.

Furaha hii imenijia wakati mmoja na safari yako, na sijui niiweke wapi. Nacheka peke yangu jikoni, halafu naona viatu vyako vyeupe juu ya sanduku, nakaa chini. Nimeanza kukukumbuka nawe ungali hapa. Jana ulikuwa unachekecha unga ukiimba ule wimbo ambao hujui ubeti wake wa pili, na nilisimama nyuma ya pazia nikasikiliza ubeti wa kwanza mara nne. Kesho kutwa nitachekecha mwenyewe. Watu wananiambia, Sengerema ni hapo tu, vilima vyake tunaviona. Hilo ndilo linaloniumiza. Ingekuwa mbali nisingekuwa na haja ya kutazama.

Siku barua ya chuo ilipofika ukasema umechagua ukunga, shangazi zako walipiga vigelegele, na mimi nikatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, niliogopa. Niliogopa kwamba huko darasani utafundishwa jambo nililolikosea juu ya mwili wako mwenyewe, na utalisikia kwa mwalimu kabla hujalisikia kwangu. Tena huko ng'ambo ya ziwa yuko mwanamke ambaye kwa sheria ya dini yetu ni mama yako, na hujawahi hata kusikia jina lake.

Usishtuke. Mimi ndimi niliyekuzaa. Ngoja nikueleze.

Baba yako, Mungu amrehemu, unamkumbuka kwa cherehani na kwa pini alizokuwa akizibana mdomoni huku akiongea. Ulikuwa na miaka tisa alipofariki, kwa hiyo hukupata kujua jinsi alivyokuwa mtu wa mashaka katika mambo ya halali na haramu. Mwizi aliwahi kumwibia kasha lake la akiba, ndipo akakubali kuweka pesa benki. Lakini benki kila mwaka iliongeza kidogo juu ya alichoweka, na hicho kidogo kilimnyima usingizi. Kwake ilikuwa riba, pesa iliyozaliwa bila mtu kutoa jasho.

Mabenki yalipotaifishwa alifurahi kama mtu aliyepata mtoto. Alisema sasa benki ni za wananchi, watatusikiliza. Akanivalisha gauni jipya, nikiwa na mimba yako ya miezi minne, tukaenda wote hadi dirishani kwa karani.

"Ndugu karani, naomba usiniandikie hiyo faida."

Karani alikuwa kijana, kalamu sikioni. "Mzee, faida haiombwi wala haikataliwi. Inakuja yenyewe."

"Basi nipe kitabu kisichokuwa na faida."

"Hakuna kitabu cha namna hiyo. Kanuni haina."

"Kanuni si zinatungwa na watu? Benki sasa si yetu?"

"Ni yetu, ndugu. Sasa ukiikataa faida unamkatalia nani? Unajikatalia mwenyewe." Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakacheka. Nami nilicheka, na baba yako aliniona.

Alimwandikia meneja barua mbili kwa hati yake nzuri, akiomba Waislamu watungiwe kanuni yao ya kuweka akiba bila riba. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa adabu kwamba ombi limepokelewa. Akaacha. Tangu hapo kila mwaka aliitoa ile nyongeza, akaitia kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati, kisha akaigawa kwa wasiojiweza bila kutarajia thawabu. Alikuwa akisema ile si sadaka, ni kufagia nyumba. Unatoa takataka, hutegemei kusifiwa. Kwetu hatukununua hata kibiriti kwa pesa za kopo lile. Likumbuke kopo hilo, litarudi.

Uchungu wako ulinishika Ijumaa, na hadi Jumapili alfajiri ulikuwa bado hujatoka. Nilipelekwa hospitali kwenye gari la kubebea samaki. Daktari alinipapasa, akaongea na nesi kwa Kiingereza akidhani sielewi. Nilifika kidato cha pili. Nilielewa vizuri sana. Wakanipa nusukaputi, wakanipasua.

Kwa hiyo, mwanangu, kilio chako cha kwanza sikukisikia. Kila mwaka siku yako ya kuzaliwa unaniuliza ulilia vipi, nami nakwambia ulilia kwa nguvu kama king'ora cha meli. Sijui. Niliamka kiu imenikausha koo, tumbo linawaka moto, na kando yangu hakuna mtoto. Nesi akasema, "Yupo, mama, mzima, wa kike. Lala." Nililala. Hilo nalo limenisumbua miaka mingi, kwamba nililala.

Walikuleta siku ya pili. Sikuweza kukaa wala kugeuka. Walikulaza ubavuni mwangu, ukatafuta, ukapata, ukavuta mara mbili tatu, ukaniachia na kulia. Wodi ilikuwa na wanawake sita. Watano walijifungua kwa njia ya kawaida, na maziwa yao yalikuwa yanalowesha kanga. Mimi nililala pale kama kisima kilichokauka.

Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa ameketi kwenye kigoda akinipepea. Alinikamua kwa vidole vyake, na yakatoka matone machache ya njano, mazito. Ile ndiyo dang'a, na utasoma habari zake wiki ya kwanza, nina hakika. Bibi akashtuka. "Huu ni usaha wa kidonda chako. Mtoto asiupate." Akayakamua yote kwenye pamba, akatoka nje akaitupa. Nami nilimshukuru. Nakuandikia kwa mkono wangu, Zuhura. Chakula chako cha kwanza duniani nilikishika mwenyewe, nikakubali kitupwe, nikasema ahsante mama.

Nesi alipoiona pamba nyingine mkononi mwa bibi alikuja juu. "Nani amemwaga hii?"

"Chafu hiyo," bibi akasema.

"Chafu? Hii ndiyo ya kwanza kabisa, ndiyo inayomlinda mtoto! Mkewe mwanao amepasuliwa, maziwa yake yatachelewa. Mtoto hakuwekwa titi mapema, mama yuko kwenye usingizi na maumivu. Yanachelewa, mama, hayakatai. Haya machache ndiyo aliyokuwa nayo, na nyinyi mnatupa!"

Bibi yako hakuwa mtu mbaya. Alifanya alivyofanyiwa. Lakini baada ya nesi kuondoka alininong'oneza, "Maziwa hupita njia aliyopita mtoto. Wewe njia yako haikufunguka." Nami, na kidato changu cha pili, niliamini maneno ya bibi nikayaacha ya nesi, kwa sababu ya bibi yalifanana na jinsi nilivyojisikia.

Jioni ile sauti yako ilikuwa imekwisha. Ulikuwa unafungua mdomo tu. Baba yako alikuja kutuona, nikamwambia akanunue maziwa ya kopo. Akasema mfukoni hana kitu, gari na dawa vimemaliza, na benki imefungwa hadi kesho.

"Kuna kopo la chai," nikasema.

Akanitazama. "Ile si yetu."

"Mtoto anakufa, Hamisi."

"Hafi. Nitakopa kwa mafundi wenzangu. Chakula cha kwanza cha mwanangu hakitakuwa riba."

"Basi mzike kwa halali yako!" Nilisema hivyo, wodi nzima ikasikia. Alitoka mbio. Bibi naye akatoka. Nikabaki nimekuegemeza kifuani, na mwanamke wa kitanda cha jirani akanyoosha mikono.

"Lete huyo. Mnagombania pesa, mwenzenu ana njaa."

Alikuwa Msukuma kutoka ng'ambo, mkubwa kwangu kidogo, mweusi wa kung'aa, amejifungua mvulana siku ile ile niliyopasuliwa. Kila mtu alimwita Mama Masanja, kwa jina la mtoto wake wa kwanza aliyebaki nyumbani. Alikupakata upande wa kushoto, mwanawe akabaki upande wa kulia, ukashika titi kama mtu aliyechelewa gari.

"Yaani ananyonya kama ananidai!" akasema, na wodi nzima ikacheka. Kisha akaniuliza, "Wa kwako huyu alipitia wapi, wanasema?"

Nikamwonyesha bandeji.

"Ahaa. Wangu mimi alipanga foleni mlangoni. Huyu kaona foleni ndefu, kapitia dirishani." Akakuinua akakutazama usoni. "Dirisha! Hujambo, Dirisha?"

Hilo ndilo jina lako la kwanza. Zuhura ulipewa siku ya saba. Kwa siku nne wodini uliitwa Dirisha, na ulinyonya kwake usiku na mchana, mara nisizoweza kuhesabu. Baba yako alirudi na kopo la maziwa la kukopa, jasho linamtiririka, akakukuta umelala kifuani kwa Mama Masanja na povu la maziwa mdomoni. Aliliweka lile kopo chini ya kitanda, akageukia ukuta, akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla wala baada.

Sasa kosa lenyewe. Lile la dang'a lilikuwa la kutojua. Hili nilijua.

Siku ya tano asubuhi nililowa. Maziwa yalikuja kama nesi alivyosema, bila kuuliza njia. Nilipaswa kufurahi tu. Badala yake nilimwangalia Mama Masanja amekushika, umeshika shanga zake za shingoni, na nikaona wivu ambao sijawahi kuuona maishani, hata kwa mume. Nikasema, "Nipe mwanangu." Sikusema tafadhali. Alinipa akitabasamu, ukanyonya, na nilipokuwa nakutazama niliwaza jambo moja tu, kwamba mwanamke huyu lazima asiwe na kitu anachonidai.

Chini ya mto wangu kulikuwa na pesa. Jioni ile ya ugomvi bibi yako alikuwa amekwenda nyumbani, akakung'uta lile kopo la chai, akanifungia zote kwenye kitambaa. Zililala pale siku zote hizo bila kazi. Siku Mama Masanja aliporuhusiwa, mumewe akimngoja mlangoni na baiskeli, nilimwita nikamtia kile kitambaa mkononi.

"Cha nini?" akauliza.

"Cha maziwa. Ni ujira wako."

Alikifungua kidogo kwa kidole, akaona noti na sarafu, akakifunga tena. Alikiweka juu ya shuka, karibu na miguu yangu. Akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo, polepole, "Mama Dirisha, mimi nilikuwa nanyonyesha. Sikuwa nauza." Akakushika unyayo, akatoka. Nilimsikia akicheka na mumewe huko nje, labda ili nisidhani ameudhika.

Nilimweleza baba yako tulipofika nyumbani.

"Ujira si vibaya," akasema. "Kumlipa anayenyonyesha kumeruhusiwa, tungekaa naye tukapatana. Lakini wewe umempa zile. Umempa mama wa mwanangu tunachofagia nje."

Tangu siku hiyo nimeyaweka mambo haya mawili pamoja, na hayaachani. Nilitupa kilichokuwa safi nikidhani ni uchafu, kisha nikakusanya uchafu wa nyumba nikampa mtu kama malipo ya kilichokuwa safi. Yote ndani ya juma moja, juu ya mtoto mmoja.

Baba yako alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, kwa sababu Mama Masanja hakuwa Mwislamu. Akajibiwa kwamba maziwa hayaulizi dini. Mtoto akishanyonya na kushiba mara tano, yule ni mama yake, na watoto wake ni ndugu zake, hawaoani milele. Akarudi akachukua kile kitabu cha akiba, ukurasa wa mwisho, akaandika kwa hati yake nzuri. Kitabu nimekitia ndani ya bahasha hii. Usome mwenyewe: *Zuhura binti Hamisi amenyonya kwa Mama Masanja wa ng'ambo, siku nne. Watoto wake wote ni ndugu zake. Deni hili halina nyongeza wala halilipiki kwa pesa.* Halafu akaweka sahihi, kama fundi anayekabidhi suti.

Nilimsihi asimwambie mtu. Mtaani walikuwa wameshaanza kuniita mama wa kisu, kwamba sikuzaa bali nilitolewa mtoto. Nikiongeza kwamba hata kunyonyesha alinyonyesha mwingine, ningebaki na nini? Nikasema kwa kila aliyeuliza, nimemnyonyesha mwenyewe tangu siku ya kwanza. Nimelisema mara nyingi hata shangazi zako wanalisimulia kwa ushahidi. Baba yako alivuka Jumamosi nyingi kumtafuta amwombe radhi. Alikuwa bado anatafuta mwaka watu wa huko walipohamishiwa vijijini, na baada ya hapo hata nyumba za kuulizia hazikuwepo. Alipougua aliniambia, "Umwambie kabla hajaolewa." Nikasema nitamwambia. Ukafika darasa la tano, nikasema bado mdogo. Ukaingia sekondari, nikasema ana mitihani.

Sasa utajua kwa nini namtazama Sudi vile ninavyomtazama. Aliponiposa nilimwambia nina jambo la kumweleza kwanza, na kama atanidharau, aseme mapema. Tulikaa kwenye yale mawe ya ufukweni nikamweleza yote, dang'a, kopo, kitambaa. Akapanda baiskeli yake akaondoka. Nikajua nimekosa mume. Wiki zikapita, anakuja, anakunywa chai, anaondoka. Kumbe kila siku pale kwenye kivuko akikata tiketi anawauliza wanawake wa ng'ambo kama wanamjua Mama Masanja aliyejifungua Mwanza miaka ile. Wanamcheka. "Kina Mama Masanja wako wengi kama mawe, kaka. Unamtaka mwenye meno au asiye na meno?"

Mpaka Jumatano moja, mwanamke mmoja mwenye vikapu vya viazi akamjibu kwa ukali, "Ndimi. Nina kosa gani? Nauli nimeshalipa."

"Huna kosa, mama. Kulikuwa na mtoto kitanda cha jirani—"

Sudi anasema mwanamke yule alitua vikapu vyote viwili, watu wakamgonga kwa nyuma. "Dirisha?" akasema. "Dirisha hajambo?"

Wengine huposwa kwa kanga na mafuta ya nywele. Mimi nililetewa kipande cha tiketi chenye jina la kijiji nyuma yake, kwa penseli, mwandiko wa kulala. Nilikubali hapo hapo, nikiwa na unga mikononi. Ninacho bado, nimekibana kwenye Kurani yangu. Kijiji chenyewe ni mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka hapo chuoni kwako. Masanja mwenyewe sasa ni mtu mzima, fundi wa matrekta. Yule mliyegawana matiti anaitwa Lukas, na nyuma yake wako wasichana wawili. Umekua unanilalamikia kwamba nilikuzaa peke yako. Huko ng'ambo una ndugu wanne.

Na mimi sijakwenda. Nimeolewa na mkata tiketi na sijavuka. Kila jioni akitoka kivukoni Sudi ananitazama, anangoja. Niliogopa Mama Masanja atanitazama kama alivyokitazama kile kitambaa. Na niseme lililo chini kabisa: niliogopa kwamba ukimjua utampenda, na zile siku nne zitaongezeka.

Utakuwa mkunga, mwanangu. Utawakuta wanawake waliopasuliwa wamegeukia ukutani. Mwalimu atakueleza vizuri kuliko mimi kwa nini maziwa yao huchelewa. Mimi najua tu jinsi saa zile zilivyo ndefu. Mlete mtoto. Hata kama mama analia, hata kama hawezi kukaa, mlaze mtoto pale alipo na usiondoke. Na ukiona bibi mwenye pamba mkononi, usimfokee kama yule nesi alivyotufokea, maana kufokewa ndiko kulikonifanya nimwamini bibi zaidi.

Hapa nimesimama kidogo, Zuhura, na nikueleze kwa nini.

Kwenye kona ya sanduku lako, chini ya shuka, kuna kilo mbili za sukari na doti ya kanga, vimefungwa kwa gazeti. Sukari hiyo nimeipangia foleni asubuhi tatu pale duka la ushirika. Nilipoanza barua hii mpango wangu ulikuwa kukuagiza hapa chini: mpelekee, mwambie mama anashukuru. Nilishaliandika hata hilo neno kichwani. Nilipofika pale kwenye kitambaa, kalamu ilisimama. Nilikuwa nakifunga tena, mwanangu. Miaka kumi na saba, na kitu kilichobadilika ni gazeti tu.

Nimekwenda nimefungua sanduku lako, nimevitoa. Sukari iko mezani, Sudi atafurahi. Kanga nitaivaa mwenyewe kesho, ni nzuri, nami ni bibi harusi.

Kesho tutavuka wote. Nitakufikisha chuoni, nitakubusu mbele ya wenzako uone aibu, kisha nitauliza njia. Ukitaka twende pamoja, nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ukihitaji muda, au ukiwa umenikasirikia, nitakwenda peke yangu, na wewe utakwenda siku yako. Huyo ni mama yako, huhitaji ruhusa yangu. Nitafika kwake mikono mitupu, na nitasema ahsante. Neno lenyewe ni dogo, nimelifanyia mazoezi jikoni mchana kutwa na kila mara linanishinda katikati. Nesi alisema yanachelewa tu, hayakatai.

Naiweka barua juu ya viatu vyako vyeupe. Ukishasoma, usinijibu. Toka tu uje uniite kwa jina langu la kwanza, nijue kwamba umefika mwisho.

Mimi mama yako,

Mama Dirisha